Darubini ya bunduki ya shabaha: kuichagua, kuifunga na kuiweka sawa

Kwenye Olimpiki, mashindano ya bunduki ya mita 10 na ya mita 50 hayaruhusu darubini. Mshindani analenga kwa tundu dogo la nyuma na duara la mbele, basi. Hata hivyo alama ya 10 kwenye shabaha ya mita 10 ni nukta yenye kipenyo cha nusu milimita, na mabingwa huipiga risasi baada ya risasi. Naanzia hapo kwa sababu anayetafuta darubini yake ya kwanza karibu kila mara ana swali moja tu mdomoni: inakuza mara ngapi? Muuzaji naye yuko tayari kulijibu, maana namba kubwa inauzika.

Swali hilo si la kwanza, na pengine si hata la tatu. Darubini ya kulengea shabaha ni kipimo kabla ya kuwa jicho. Inatakiwa isogeze mahali pa kulenga kwa kiasi kile kile ulichoiagiza, kisha ukiirudisha irudi pale pale ilipokuwa, hata baada ya risasi elfu na safari ndefu ya gari. Ikishindwa hilo, uangavu wa vioo vyake ni pambo tu.

Ndani ya bomba

Lenzi kubwa ya mbele hukusanya mwanga na kutengeneza picha, ila picha yenyewe hutoka kichwa chini miguu juu. Ndani ya bomba kuu kuna kijibomba chenye lenzi za kuisimamisha. Kijibomba hicho ndicho kinachohamishwa na tureti, vile vifundo viwili vya kuzungusha: cha juu kwa kupandisha na kushusha, cha ubavuni kwa kulia na kushoto. Skrubu ya tureti hukisukuma upande mmoja, springi hukisukuma upande wa pili. Kijibomba huinama kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, na mahali panapolengwa pakahama.

Fundi William Malcolm wa Syracuse, jimbo la New York, alipoanza kutengeneza darubini za bunduki mwaka 1855, marekebisho hayo yalifanywa nje: darubini nzima ilisogezwa kwenye vishikizo vyake. Siku hizi yamefichwa ndani, na kwa kuwa yamefichwa, mnunuzi huyasahau. Springi ikiwa dhaifu au skrubu ikikwama, utazungusha kliki nne, yaani hatua nne za tureti, na risasi ya kwanza itatua kama vile hukugusa kitu. Kisha teke la bunduki litakitikisa kijibomba kikae mahali pake, na risasi ya pili ndiyo ihame. Mlengaji asiyejua anazungusha tena, anarekebisha kosa ambalo halipo, na mchana wake umekwisha. Fedha ya darubini ghali ikienda kwenye skrubu, springi na usahihi wa kuchonga chuma, imekwenda mahali pake. Vioo bora hufuata. Ukuzaji huja nyuma ya vyote viwili.

Mil na MOA

Kliki za tureti hupima pembe, wala hazipimi sentimita. Hili likieleweka, sehemu kubwa ya mkanganyiko huisha. Gawa digrii moja mara 60 upate dakika moja ya pembe, ambayo walengaji wote huiita MOA. Kwenye mita 100 pembe hiyo hufunika milimita 29, kwenye mita 200 hufunika 58, na hivyo hivyo kwenda mbele. Miliradiani, au mil kwa kifupi, ni sehemu ya elfu ya radiani: sentimita 10 kwenye mita 100, mita nzima kwenye mita 1000. Mil 1 ni sawa na MOA 3.44. Darubini nyingi za mil hutembea kwa kliki za mil 0.1, yaani sentimita 1 kwenye mita 100. Za MOA hutembea kwa robo, ambayo ni milimita 7 na kidogo, au kwa moja ya nane, milimita 3.6, kwa wale wa benchi, wanaolenga bunduki ikiwa imeegemezwa juu ya meza na kugombania unywele.

Ipi bora? Ubishi huu ni wa zamani na haustahili muda wako. Anayepima umbali kwa mita hupata hesabu nyepesi kwenye mil. Zaidi ya hapo, chukua ile inayotumiwa na wale unaolenga nao, ili mwenzako akikwambia ongeza nusu mil kushoto usianze kutafuta kalamu. Nisichoweza kukitetea ni darubini yenye alama za mil kwenye kioo na tureti ya MOA. Bado zimo madukani, mara nyingi kwa bei ya kuvutia, na kila ukiona kosa kwenye kioo itabidi uzidishe kwa 3.44 kabla ya kugusa tureti. Ziache huko huko.

Retikuli ya mbele na ya nyuma

Msalaba na alama zake, yaani retikuli, unaweza kuwekwa mbele ya lenzi za kukuza au nyuma yake. Ikiwa mbele, retikuli hukua na kusinyaa pamoja na picha, kwa hiyo alama ya mil 1 hubaki mil 1 iwe umekuza mara 6 au mara 25. Ikiwa nyuma, msalaba hauongezeki unene machoni, lakini alama zake ni za kweli kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Darubini ya namna hiyo inayofika mara 24, ukiishusha hadi 12, alama iliyoandikwa mil 1 itakuwa inafunika mil 2. Wengi hukosa shabaha kwa sababu hii wakidhani ni upepo.

Anayeshindana kwa kuhama kutoka shabaha moja hadi nyingine, umbali ukibadilika na saa ikikimbia, anahitaji retikuli ya mbele. Mlengaji wa F-Class, mashindano ya umbali mrefu ya kulala chini bunduki ikiwa imeegemezwa, hali yake ni tofauti: umbali unajulikana, shabaha haihami, na duara la alama za juu lina upana wa MOA 1 hivi, ndani yake likiwamo duara la nusu MOA la kuwatenganisha waliofungana. Kwenye mita 1000 nusu MOA ni sentimita 14 na nusu. Mstari wa retikuli wenye unene wa mil 0.05 ungefunika sentimita 5 za duara hilo. Ndiyo maana wengi wa fani hiyo hubaki na retikuli ya nyuma, nyembamba kama uzi wa buibui.

Sasa ukuzaji

Gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwali wa mwanga unaofika jichoni. Lenzi ya milimita 56 ikikuza mara 25 hutoa mwali wa milimita 2.2, ikikuza mara 40, ni milimita 1.4 tu. Mboni ya jicho wakati wa mchana huwa na upana wa milimita 2 hadi 4. Kwenye mara 40, basi, picha hufifia, na kichwa kikisogea kidogo tu giza linaingia kutoka pembeni. Isitoshe, kinachokuzwa si shabaha peke yake. Mapigo ya moyo hukuzwa, tetemeko la bega hukuzwa, na mazigazi, ule mtetemo wa hewa ya joto juu ya ardhi, hukuzwa hadi duara la shabaha likaonekana linachemka. Jua likiwa kali, mwenye darubini ya mara 50 huishia kuishusha hadi 25. Wazoefu lakini hawayachukii mazigazi: yakiinamia upande mmoja yanakuonyesha upepo wa huko kati ambao bendera iliyo karibu nawe haiujui.

Mtu wa mita 100 hadi 300 haonewi akiwa na darubini inayofika mara 20 au 25. Wa F-Class wana sababu ya kwenda juu zaidi. Wa benchi hupenda ukuzaji mmoja usiobadilika, kwa kuwa sehemu zisizosogea hazilegei na hazina uzito wa ziada. Uzito wenyewe si jambo dogo: kwenye F-Class bunduki ya daraja la F-TR haitakiwi kuzidi kilo 8.25 na ya daraja la Open kilo 10, darubini ikiwamo.

Mambo mawili hukaguliwa kabla ya kulipa na watu wengi huyaruka. La kwanza, umbali wa chini kabisa ambao darubini inaweza kurekebishiwa: ikiwa inaanzia mita 50, haina kazi kwa bunduki ndogo ya mita 25 wala ya hewa ya mita 10. La pili linawahusu wenye bunduki za hewa za springi. Bunduki hizo hupiga teke nyuma kisha mbele kwa mkupuo, na darubini isiyotengenezwa kwa mitikisiko ya pande zote mbili huvunjika ndani hata kama ilivumilia bunduki kubwa ya baruti.

Safari ya tureti na reli iliyoinama

Bunduki ya risasi ya .308 (kipenyo chake kwa inchi) iliyowekwa sifuri kwenye mita 100, yaani iliyorekebishwa risasi itue penye msalaba kwa umbali huo, huhitaji mil 12 hivi za kupandisha ili risasi ifike mita 1000. Hiyo ni zaidi ya MOA 40. Chukua darubini ambayo safari yake yote ya juu na chini ni MOA 60. Ukiifunga kwenye reli iliyonyooka, kile chuma cha juu ya bunduki kinachobeba darubini, sifuri itaangukia karibu na katikati, na utabaki na 30 tu za kupandisha. Tureti itagota kabla hujafika. Dawa ni reli iliyochongwa ikiinamia mbele kwa MOA 20: inazichukua zile 20 zisizo na kazi upande wa chini na kuzihamishia juu, nawe una 50. Anayelenga mita 100 maisha yake yote hana haja nayo.

Kuifunga

Toa risasi, fungua bolti (komeo la nyuma ya mtutu), tazama kwa macho chemba inamokaa risasi, kisha ipapase kwa kidole. Ndipo ushike bisibisi.

Pete zinazoshika darubini ziwe fupi kadiri inavyowezekana, mradi lenzi ya mbele isiguse mtutu na mkono wa bolti upite. Kipenyo chake kiwe kile kile cha bomba: milimita 25.4, 30 au 34. Zikiwekwa kwenye reli, zisukume mbele zigote kwenye ukingo wa mfereji kabla ya kukaza, kwa sababu bunduki ikirudi nyuma darubini hubaki ikitaka kwenda mbele, na pengo lolote lililoachwa italiziba kwa kuteleza.

Umbali wa jicho kutoka lenzi ya nyuma huwa sentimita 8 hadi 10. Upime ukiwa kwenye ukuzaji wa juu na katika mkao utakaotumia, maana anayelala chini kichwa chake husogea mbele kuliko anayekaa kwenye benchi. Fumba macho, laza shavu kwenye kitako, fumbua. Ukiona duara kamili lenye mwanga bila kunyoosha shingo, umefika. Ukiona kivuli, sogeza darubini. Shingo iache ilipo.

Skrubu za pete hukazwa kwa spana yenye kipimo, kidogo kidogo kwa kupishana, mapengo ya pande mbili yakilingana. Fuata namba ya mtengenezaji. Mara nyingi haizidi newton-mita 2. Wanaokaza kwa nguvu za mkono huminya bomba, na bomba likiminywa kijibomba cha ndani hukosa nafasi ya kutembea. Darubini nyingi zinazorudishwa dukani kwa madai ya ubovu, ubovu wake ni alama za pete mgongoni.

Timazi

Hapa pana kosa linalofichika sana. Tureti ya juu ikipandisha mahali pa kulenga, ni lazima ipandishe kwa mstari ule ule ambao mvutano wa dunia unaishusha risasi. Retikuli ikilala digrii moja tu upande wa kulia, zile mil 12 za mita 1000, ambazo ni mita 12 kamili, hukupeleka pembeni kwa sentimita 21. Umeshatoka kwenye duara la nusu MOA kabla upepo haujasema neno. Kwenye mita 100 hutaona dalili yoyote, ndiyo maana watu huishi na kosa hili miaka.

Watu huhangaika kulinganisha retikuli na bunduki kwa kuweka pimamaji juu ya reli na nyingine juu ya kifuniko cha tureti. Kifuniko hicho kinaweza chenyewe kuwa hakiko sawa na retikuli. Cha kuaminika ni timazi: ning'iniza uzi wenye kitu kizito mahali pasipo upepo, utazame kupitia darubini, na uizungushe ndani ya pete hadi mstari wa wima ulale juu ya uzi. Bunduki yenyewe ikiwa imeinama kidogo chini ya darubini, madhara ni madogo kuliko inavyosemwa. Mtutu ulio sentimita 5 chini ya darubini, ukiwa umezunguka digrii 3, utakuwa umehama pembeni milimita 2.6. Ukiweka sifuri kwenye mita 100, kosa la mita 1000 litakuwa sentimita 2 na kitu. Retikuli kuwa wima wakati wa kufyatua ndiyo amri. Kwa hiyo funga pimamaji ndogo kwenye bomba na uizoeshe macho.

Jicho kwanza, paralaksi baadaye

Mpangilio huu haugeuzwi. Elekeza darubini kwenye ukuta mweupe au anga tupu, mbali kabisa na jua, na uzungushe pete ya lenzi ya jicho hadi retikuli iwe kali mara tu unapotupia macho. Tazama sekunde mbili tatu, geuka pembeni, rudi. Ukikodoa macho muda mrefu, jicho litajirekebisha lenyewe na kukudanganya kwamba kila kitu ni safi. Ukimaliza, usiiguse tena.

Sasa paralaksi. Picha ya shabaha ikitua ndani ya darubini mbele kidogo au nyuma kidogo ya retikuli, basi kichwa chako kikisogea, msalaba utaonekana unatembea juu ya shabaha ingawa bunduki haijasogea. Kiasi cha juu cha kosa hili kinahesabika: chukua nusu ya kipenyo cha lenzi ya mbele, zidisha kwa tofauti kati ya umbali wa shabaha na umbali uliorekebishiwa, gawa kwa huo uliorekebishiwa. Lenzi ya milimita 40 iliyorekebishiwa mita 100, ukilenga mita 300, inaweza kukutupa nje kwa milimita 40. Ukilenga mita 50, kwa milimita 10. Kosa hilo hukupata jicho likiwa ukingoni kabisa. Jicho likiwa katikati, halipo. Ndiyo maana darubini isiyo na kifundo cha paralaksi bado hufanya kazi kwa mwenye kulaza shavu mahali pale pale kila risasi.

Penye kifundo, usiziamini namba zilizoandikwa juu yake. Ni za kukuanzishia. Iweke bunduki imara kwenye mifuko ya mchanga, usiiguse, tikisa kichwa juu chini huku ukitazama msalaba. Zungusha kifundo hadi msalaba utulie juu ya shabaha. Shabaha ikiwa kali hapo hapo, pete ya jicho umeiweka vizuri. Ikiwa msalaba umetulia lakini shabaha ina ukungu, rudi kwenye pete ya jicho. Na ukilazimika kuchagua, chagua msalaba uliotulia.

Sifuri na mtihani wa tureti

Ondoa bolti, tazama shabaha ya mita 25 kupitia mtutu wenyewe, bunduki ikiwa imetulia, kisha peleka msalaba pale pale. Hiyo inatosha kuiweka risasi ya kwanza kwenye karatasi. Hamia mita 100 na upige tano bila kugusa tureti, hata ya kwanza ikienda vibaya. Kinachorekebishwa ni kitovu cha kundi. Kundi likiwa sentimita 4 chini na 3 kushoto, tureti ya mil hupanda kliki 4 na kwenda kulia 3. Ya robo MOA hupanda 5 au 6 na kulia 4. Piga tano nyingine. Wanaofukuza kila risasi kwa kliki mbili mbili huondoka uwanjani na sifuri mbaya kuliko waliyokuja nayo. Kundi la risasi tatu, hata likipendeza kiasi gani, halitoshi kukuonyesha kitovu.

Sifuri ikipatikana, legeza skrubu za kifuniko cha tureti, kizungushe hadi kisome 0, kaza. Kama kuna kizuizi cha sifuri, kiweke sasa, ili gizani au kwenye haraka ujue umerudi chini kabisa bila kuhesabu mizunguko.

Halafu mtihani ambao ningemtaka kila mnunuzi aufanye kabla muda wa kurudisha bidhaa haujapita. Simamisha ubao mita 100 zilizopimwa kwa utepe, chora mstari wima kwa timazi, na uweke alama ya mita moja kamili juu yake. Funga darubini kwenye kitu kisichotikisika, risasi haihitajiki. Weka msalaba kwenye mwanzo wa mstari, zungusha mil 10, soma umetembea wapi. Ikiwa ni sentimita 98 badala ya 100, kila ukiagiza mil 12 unapewa 11.76, na kwenye mita 1000 umepungukiwa sentimita 24. Kosa la namna hiyo, likiwa lile lile kila mara, linavumilika: zidisha kila agizo kwa 1.02 na uliandike kwenye daftari. Msalaba ukiacha mstari pembeni unapotembea, retikuli na tureti hazikubaliani. Ukirudisha kwenye 0 na msalaba usirejee ulipoanzia, usiipe nafasi ya pili, irudishe.

Paka tone la rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa cha kila skrubu hadi kwenye pete. Siku kundi litakapohama bila sababu, tazama matone hayo kwanza, kisha skrubu za reli, kisha zile zinazoshika bunduki kwenye kitako chake, zote kwa spana yenye kipimo. Tureti iwe ya mwisho kuguswa.